Herufi anaiona, mbona hasomi? Maswali kuhusu uoni hafifu

Mtu mwenye uoni hafifu si kipofu, ila hata akivaa miwani inayomfaa, jicho lake lililo zima zaidi halifikii kipimo cha 6/18: anachokiona akiwa mita 6, wengine wanakiona kutoka mita 18. Haya ni baadhi ya maswali ya wazazi na walimu, na majibu yanayotokana na tafiti za maabara.

Mwanangu ana ualbino. Kliniki alizisoma herufi ndogo vizuri tu, lakini kitabu chenye herufi za ukubwa uleule kinamchosha baada ya nusu ukurasa. Anadeka?

Hadeki, mama. Kutambua herufi ni kazi moja, kusoma ukurasa ni kazi nyingine. Gordon Legge wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti ambaye naye ana uoni hafifu, alianza kuchapisha tafiti zake kuhusu jambo hili mwaka 1985. Maabara yake ndiyo iliyotengeneza kipimo cha MNREAD. Ni kadi yenye sentensi za herufi 60 kila moja, nafasi zikihesabiwa, zilizopangwa kwa mistari mitatu mitatu. Kila sentensi ni ndogo kuliko iliyotangulia kwa takriban sehemu moja ya tano. Msomaji anasoma kwa sauti, mpimaji ameshika saa.

Kinachotokea ni hiki: kasi inabaki ileile sentensi baada ya sentensi, halafu ghafla inaporomoka. Herufi bado zinasomeka, lakini kwa kubabaisha, neno moja moja, hadi msomaji anakwama kabisa. Ukubwa unaomfaa mwanao ni ule wa kabla ya kuporomoka. Ule wa mahali alipokwama haumfai, na inaelekea ndio aliopewa. Kanuni ya kuanzia ni kumpa maandishi yenye ukubwa angalau mara mbili ya herufi ndogo kabisa anayoitambua.

Nimkataze kubandika kitabu puani?

Mwache. Umbali ukipungua kwa nusu, taswira ndani ya jicho inakuwa kubwa mara mbili, tena bila gharama. Macho hayaharibiki kwa hilo. Shingo ndiyo itakayouma, kwa hiyo mtafutie kibao cha kuinua kitabu.

Babu yetu ameharibika sehemu ya katikati ya retina. Tumemkuzia herufi zikawa kama za kichwa cha gazeti, bado anasoma polepole. Tukuze zaidi?

Hapana, hapo ukubwa umeshafanya kazi yake. Kazia macho herufi moja katikati ya ukurasa huu, kisha, bila kuyahamisha, jaribu kusoma neno lililo pembeni kabisa ya mstari. Utaona kuna herufi, lakini zimeshikana kama zinagombania nafasi. Babu anasoma kwa sehemu hiyo ya pembeni siku zote. Mwaka 1970 Mholanzi Herman Bouma alionyesha kwamba herufi iliyo pembeni huvurugwa na jirani zake wakiwa karibu kuliko takriban nusu ya umbali wake kutoka pale jicho linapolenga.

Kuna na jambo la pili. Jicho zima, likitua mara moja, linatambua kwa uhakika herufi kama kumi hivi. Pembeni idadi hiyo inapungua, hata ukikuza vipi. Kwa Kiswahili nadhani adhabu ni kubwa zaidi, maana neno kama "walipotuandikia" lina herufi 15. Babu hulikatakata vipande kisha aviunge kichwani.

Kuzitawanya herufi je? Mtafiti Susana Chung alijaribu, akakuta kwamba nafasi ikizidi ile ya kawaida, kasi haiongezeki. Kilichosaidia ni mazoezi. Mwaka 2004 Chung, Legge na mwenzao Cheung waliwazoeza watu wenye macho mazima kutambua herufi tatu tatu kwa pembeni, na kasi yao ya kusoma kwa pembeni ikapanda kwa takriban asilimia 41. Mazoezi hayo hayamrudishii babu katikati yake, lakini pembeni napo panafundishika.

Maandishi meupe kwenye giza ni bora?

Kwa wale ambao jicho lenyewe lina ukungu, kwa mfano mtoto wa jicho, mara nyingi ndiyo, kwa sababu weupe wa karatasi hutawanyika ndani ya jicho. Wengine hawaoni tofauti. Simu ina kitufe chake, ajaribu mwenyewe.

Mimi ningehangaikia zaidi wino uliofifia. Msomaji mwenye macho mazima huvumilia kufifia kwingi kabla kasi yake haijashuka sana. Mwenye uoni hafifu huangushwa mapema zaidi. Mwalimu akitoa mtihani kwa mashine iliyoishiwa wino, kijivu juu ya kijivu, mwanafunzi huyu ameshafeli kabla ya kengele.

Kioo cha kukuzia kinaonyesha herufi chache tu kwa mara moja. Kinatosha?

Kwa kusoma mstari wenyewe, ndiyo. Legge alikuta kwamba zikionekana herufi nne au tano hivi, kasi inakaribia kilele. Taabu iko kwenye kurudi mwanzo wa mstari unaofuata, ambako kioo kinampoteza mtu. Aweke rula chini ya mstari anaosoma, arudi nao huohuo hadi mwanzo, ndipo aishushe rula.