Gia Iliyogoma na Amri ya Tano



Wiki hii tulipaswa kuendelea na amri za Mungu pale tulipoishia, yaani amri ya tano, Usiue. Nilishaandaa somo zuri lenye Aristotle na Mtakatifu Thoma ndani yake. Nimeliweka kando. Nitawaeleza habari ya pikipiki, na mtaona tutakavyofika kwenye amri yenyewe.

Niko mwaka wa uchungaji, katika parokia ya milimani upande wa Mgeta, Morogoro. Anayepajua anajua: kabichi, karoti, ukungu wa asubuhi, na barabara za udongo zinazopanda na kushuka bila huruma. Vigango ni vingi, gari ni moja, kwa hiyo frateri hupewa pikipiki. Nami nilifurahi, nisiwadanganye. Miaka mitatu ya kukaa na vitabu vya falsafa, halafu unapewa ufunguo!

Kama wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, gia zilianza kuwa ngumu. Nikisimama, nyutro haipatikani mpaka nizime injini. Nikiweka gia ya kwanza, pikipiki inatoa kishindo na kutaka kuondoka ingawa klachi nimeibana mpaka mwisho. Wakati mwingine natoka gia moja kwenda nyingine, inakataa, injini inapiga kelele tupu hewani. Nilifanya nini? Nilipiga teke. Ikigoma, nakanyaga kwa nguvu zaidi. Ikiingia, nasema kimoyomoyo, "Unaona?" na safari inaendelea.

Jumamosi moja tulitoka kufundisha watoto wa Kipaimara kigango cha juu. Nyuma nilimpakia katekista, mzee wa zaidi ya miaka sitini, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukaanza kushuka nikiwa gia ya pili, nikaona mwendo unazidi, nikataka kuingiza ya kwanza. Nikakanyaga. Haikuingia, ikaishia nyutro. Hapo injini haizuii tena chochote, pikipiki inateremka kama jiwe. Nikashtuka, nikapiga teke langu nililolizoea na kuachia klachi ghafla. Safari hii gia iliingia. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka, likateleza kwenye tope, tukaenda chini wote wawili. Mimi goti lilichubuka. Mwalimu alivunjika mkono wa kulia.

Paroko aliponiuliza nilimjibu, "Padre, barabara ilikuwa inateleza." Ni kweli ilikuwa inateleza.

Siku ya tatu nilisukuma pikipiki hadi kwa fundi wetu wa sokoni, kijana wa rika langu. Hakuuliza mengi. Alishika mkono wa klachi kwa vidole viwili, akauchezesha, akacheka kidogo. Mkono ulikuwa unakwenda karibu nusu ya safari yake kabla ya kuvuta kitu chochote. Waya ulikuwa umelegea, na mwishoni nyuzi zake kadhaa zilikuwa zimekatika. Akanieleza, nami nawapa kama nilivyoelewa, maana najua wengi wenu mnaendesha boda au mnapanda kila siku.

Ndani ya boksi la gia meno ya gia hayaachani. Yanagusana muda wote. Ukikanyaga pedeli, kuna kipande chenye vishikizo kinachosogezwa pembeni ili viingie kwenye matundu ya gia ya jirani na kuishika. Vishikizo hivyo vikiwa vinabanwa na nguvu ya injini, havitoki kirahisi wala haviingii kirahisi. Ndiyo maana kabla ya kubadilisha unapunguza moto na kubana klachi: unaondoa mzigo kwanza. Klachi iliyolegea haiachii mzigo wote. Unadhani umeibana, kumbe injini bado inasukuma chini kwa chini. Na vilevile, ukiwa umesimama, kishikizo kinaweza kutazamana uso kwa uso na ukuta badala ya tundu. Hapo hata ukikanyaga kwa miguu miwili haiingii. Unaachia klachi kidogo, unabana tena, au unaisukuma pikipiki hatua moja, vinapishana, inaingia kwa kidole tu.

Teke je? Teke linapinda uma unaosogeza hivyo vipande, na linakula pedeli. Pedeli yangu ilikuwa imeanza kuchezacheza kwenye ekseli yake. "Hii umeipiga sana, Frateri," alisema. Sikuwa na la kujibu.

Dawa ilikuwa rahisi hadi inaudhi: waya mpya, kurekebisha nati ili ncha ya mkono wa klachi icheze kidogo tu (kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 10 na 20), kumwaga oili iliyokuwa nyeusi kama kahawa na kuweka mpya ya pikipiki, kukaza cheni iliyokuwa ikining'inia. Oili ya gari usiweke hivihivi. Klachi za pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Na waya usikazwe mpaka mkono usicheze kabisa, maana hapo klachi haishiki vizuri na inaungua.

Kuhusu mteremko, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, siyo katikati. Ikitokea umeangukia nyutro, achana na gia kwanza. Punguza mwendo kwa breki zote mbili, taratibu, na mwendo ukishakuwa mdogo ndipo ubane klachi yote, ukanyage mara moja, uachie polepole.

Sasa turudi kwenye somo.

Wakati fundi anafunga waya aliniuliza swali moja, "Ilianza lini?" Nikasema wiki tatu. Nikaongeza, "Lakini sikujua kama ni klachi." Nilipotamka hivyo nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimefanya mtihani juu ya jambo hilihili. Mtakatifu Thoma, katika Summa sehemu ya pili, anauliza kama kutojua kunaondoa dhambi. Anatofautisha. Kuna kutojua ambako huwezi kukuondoa hata ukijitahidi, na huko hakukuhesabiwi. Na kuna kutojua kwa kuzembea, unapoacha kujifunza kitu ulichoweza na ulichopaswa kukijua. Mtu aliyesikia kishindo wiki tatu, akampita fundi mara sita njiani, hawezi kusema hakujua. Nilipata alama nzuri katika mtihani ule, jamani.

Tukisikia Usiue tunawaza bunduki na utoaji mimba, tunajipongeza, tunapita kwenda amri ya sita. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaweka chini ya amri hii ya tano wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, na inasema wanajitwisha hatia nzito. Mimi sikuwa nimelewa wala sikuwa kasi. Lakini kila Misa tunapokiri tunataja pia kutotimiza wajibu, na mara nyingi tunalitamka hilo tukiwa tayari tunafikiria Bwana utuhurumie. Pikipiki yenye klachi mbovu na abiria nyuma ni kutotimiza wajibu kunakotembea. Breki zilizokwisha, taa isiyowaka, tairi kipara, abiria watatu: vijana wa boda mnanielewa, na sisemi ili niwahukumu. Nasema nikiwa na kovu gotini.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Juni 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile, Usiue. Ila ya nane ndiyo iliyonikamata: inataka dereva mwenye hatia na aliyeumizwa wakutanishwe, wakati unaofaa, ili wapate kuonja msamaha unaoweka huru. Nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta njia ya kuikwepa. Kuungama nilishaungama. Lakini Mwalimu alikuwa bado anawaambia watu kwamba ni utelezi tu, anamtetea frateri wake.

Nikaanza na paroko, nikamweleza yote, pamoja na yale matatu: wiki tatu, mateke, na jibu langu la utelezi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, nenda kwa mwenyewe."

Nilimkuta Mwalimu uani, amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa, anajaribu kuandika majina ya watoto wa Kipaimara kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Frateri, hiyo gia mimi niliisikia tangu tunaondoka kanisani. Nikajiambia, huyu amesoma, nitamwambiaje? Basi na mimi nisamehe." Sikuwa nimejiandaa kuombwa msamaha. Nilikwenda pale na hotuba yangu, ikaishia mdomoni.

Nikamalizia yale majina, yeye akitaja, mimi nikiandika. Yalikuwa thelathini na moja.

Kigango kile narudi Jumamosi. Kipindi kinaanza saa tatu, nami nitatoka mapema, maana kabla ya kuwasha nina kazi ya dakika kumi na spana namba 10 na kopo la oili. Mwalimu ameniambia atakuja kwa miguu safari hii, na kwamba nisilichukulie vibaya. Mwombeeni, mkono unapona polepole. Nami mniombee.