Nyuzi za bujii: za orijini ao za duka?



Kwa desturi ukurasa huu unakuelezea juu ya maji ya kunywa, malaria ya watoto, kofia na viatu vya kazi. Leo tutasema juu ya motokari. Usicheke. Mimi ni muganga-msaidizi wa dispanseri, si fundi wa garaji, lakini vidole vilivyokatwa na vantilateri vinaletwa kwangu, havipelekwi garajini.

Sikia yaliyotokea. Mfanyakazi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na Toyota Corolla ya miaka ya 1990, ile yenye delko na nyuzi 4. Mvua zilipoanza, motere ikawa inakohoa kila asubuhi. Akaenda sokoni, akanunua nyuzi nyekundu, nene, za bei ya chini. Siku tatu gari likaenda vizuri. Siku ya nne mvua ikanyesha, motere ikakohoa tena. Akafungua kapo na motere inazunguka, akashika uzi mmoja ili ausukume ndani. Umeme ukampiga. Haukumwua. Mkono tu uliruka kwa nguvu, bila yeye kutaka, ukaingia katika vantilateri. Alifika kwetu amefunga mkono kwa shati, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Muganga, nyuzi zenyewe ni mpya!" Alipoteza ncha za vidole viwili. Mtu anayekula kwa kazi ya mikono anajua hasara hiyo ni kubwa namna gani.

Juu ya nini uzi mdogo unapiga hivyo, na bateri ina volti 12 tu? Sababu ni bobini. Bobini inapandisha umeme ule hata kufika volti 20 000 na zaidi, maana cheche inapaswa kuruka nafasi ya karibu milimetre 1 ndani ya bujii, katikati ya hewa na esanse vilivyokazwa sana. Kazi ya uzi ni kuupeleka umeme huo mpaka kwenye bujii bila kuuacha utoke njiani. Umeme ni mkali lakini wingi wake ni mdogo, kwa hiyo mtu mwenye afya mara nyingi haufi naye. Hatari iko katika kuruka kwa mkono: vantilateri, mkanda, bomba la moshi lenye kuungua, pembe ya kapo juu ya kichwa. Lakini mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo asikaribie hata kidogo motere inayozunguka ikiwa kapo iko wazi. Na gari zenye alimaji ya elektroniki zinapiga kwa nguvu kuliko zile za zamani za vis-platine. Wazee waliozoea kushika nyuzi za gari za zamani wasijivune mbele ya gari la mtoto wao.

Sasa tuje kwenye duka. Muuzaji atakuonyesha aina mbili: za orijini, ni kusema zile zinazouzwa kwa jina la kiwanda kilichotengeneza gari, na zingine za viwanda vya nje. Watu wengi wanafikiri kwamba za kwanza ni nzuri na zote zingine ni takataka. Si hivyo. Kiwanda cha gari hakitengenezi kila kitu chenyewe. Kinaagiza vipande vingi kwa viwanda vingine. NGK ya Japani, Bosch na Beru za Ujerumani wanauza nyuzi ambazo mtu anaweza kuzitia bila woga, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko za orijini. Kwa upande mwingine, sanduku lenye jina kubwa linaweza kuwa na uchafu ndani. Sanduku halipitishi umeme. Angalia uzi wenyewe.

Faida ya kweli ya nyuzi za orijini ni kwamba zimepimwa kwa motere yako. Kila mmoja una urefu wake, na kofia ya mpira inafunika shimo la bujii sawasawa, maji yasiingie. Ukinunua za kiwanda kingine, peleka zile za zamani dukani, zilaze pamoja na mpya, ulinganishe moja moja. Uzi mfupi unavutwa na kutoka kwenye bujii kwa mtikisiko wa njia zetu; uzi mrefu unalala juu ya bomba la moshi na kuungua. Uzi mnene sana hauingii katika vishikio vya plastiki, na matokeo ni yale yale. Unene wa milimetre 8 badala ya 7 hauongezi nguvu ya farasi hata moja katika gari la kwenda kazini na sokoni. Rangi nyekundu nayo inapendeza macho tu.

Jambo ambalo wanunuzi wanasahau ni ukinzani, unaopimwa kwa om. Nyuzi nyingi hazina shaba ndani. Zina moyo wa kaboni ao waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Zimefanywa hivyo kwa kusudi, ili cheche isisumbue radio wala ordinateri ndogo inayoongoza motere. Kwa motere ya Toyota 4A-FE, iliyo katika Corolla nyingi za miaka ile, kitabu cha kiwanda kinasema kila uzi usipite om 25 000. Mwombe fundi multimetri, upime kutoka ncha hata ncha mbele ya kulipa. Uzi mrefu utaonyesha zaidi kuliko mfupi, hiyo si kasoro. Kama multimetri haionyeshi kitu, uzi umekatika ndani. Kama inaonyesha karibu sufuri, ni shaba tupu. Zipo nyuzi nzuri za shaba, hasa za gari za Ulaya, lakini hizo zina ukinzani katika kofia zake. Muuzaji akikataa usipime, rudisha feza mfukoni. Na bujii nazo ziwe za aina ile kitabu kinachotaka: kwa NGK na Bosch herufi R katika jina lake inaonyesha ukinzani umo ndani.

Nyuzi za yule ndugu yetu nilizitazama baadaye. Mpira wake ulikuwa mgumu kama plastiki ya ndoo, na karibu na kofia ulikuwa umepasuka tayari. Mpira wa silikoni unakunjika laini kwenye vidole na unavumilia moto wa motere. Ule wa bei ya chini unakauka, unapasuka, maji ya mvua na vumbi vinaingia, na umeme unatafuta njia fupi kwenda kwenye chuma. Siku ile njia fupi ilikuwa mkono.

Kubadilisha si kazi ya saa nyingi. Motere iwe baridi, kontakti imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, si mkononi mwa mtoto anayecheza ndani ya gari. Vuta kwa kushika kofia na kuizungusha kidogo, usivute uzi. Toa mmoja, tia mmoja, kisha endelea na wa pili. Ukizitoa zote pamoja utachanganya mpango wa kuwaka, ambao kwa motere ile ni 1-3-4-2. Nyuzi za 3 na 4 zisilale zimegusana, maana zinawaka moja nyuma ya nyingine na moja inaweza kuamsha jirani yake.

Ukitaka kujua kama umeme unatoka njiani, simama usiku penye giza, nje, kapo wazi, mikono mgongoni, utazame. Cheche za buluu zitajionyesha zenyewe. Kama unasikia harufu ya esanse, usiwashe. Wala usifanye jaribio hilo ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wa motere una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma na magoti kulegea, toka nje upesi. Ukikuta mwenzako ameanguka humo, usiingie kukaa naye: fungua milango, mvute kwenye hewa safi, tafuta msaada.

Aliyepigwa na umeme na kusikia moyo unaenda vibaya, ao kizunguzungu, ao mama mwenye mimba, aje dispanseri siku ile ile hata kama hana jeraha.

Na nyuzi za zamani usizitupe zote. Pima, chagua ule mrefu ulio mzima bado, uuweke ndani ya gari pamoja na bujii moja. Motere inayokohoa njiani inatupa esanse isiyoungua katika bomba la moshi, na gari lenye kataliza linapata moto mkali chini ya tumbo. Wakati wa kiangazi usilisimamishe juu ya majani makavu. Simama penye udongo mtupu, zima, ngoja motere ipoe, kisha ubadilishe uzi.