Majirani wanasema mwanangu ni mchawi

SWALI: Mtoto wangu ana miaka 5. Hasemi, haangalii watu machoni, anashinda akipanga vifuniko vya chupa. Hapa Kasapa majirani wanamwita mchawi, na mchungaji anataka afunge siku 3 bila kula. Nifanye nini? – Mama, Lubumbashi

JIBU: Mama, usikubali mfungo huo. Kumnyima mtoto mdogo chakula na maji ni kuhatarisha uhai wake.

Unayoyaeleza yanafanana na usonji, yaani ubongo uliokua kwa namna nyingine. Hukuusababisha wewe. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani, na kwa miaka mingi wataalamu wa huko wakawalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Walikosea vibaya.

Majirani wanaona mtoto asiyeitikia salamu, wanadhani ana roho mbaya. Mara nyingi kelele na macho ya watu vinamlemea, na vile vifuniko vinamtuliza. Waeleze hivyo, mmoja mmoja, ukianza na yule mnayeelewana.

Mchungaji naye aambiwe, baba au shangazi wa mtoto akiwepo, kwamba Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu jambo hilo.

Mpime masikio kwanza, maana asiyesikia pia hachangamki akiitwa. Kisha mpeleke Kituo cha Dr Joseph Guislain hapo mjini, wanakotibu magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu. Nenda na daftari lenye ishara anazotumia kuomba kitu.