Usinunue Spea kwa Mwaka wa Kadi

Mdogo wangu, kaa hapa kwanza kabla hujatoa hizo pesa. Najua umeshapanga: kesho asubuhi unapanda daladala, unashuka Kariakoo, unaingia Gerezani kwenye maduka ya spea. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "Hilux ya mwaka gani?" Nawe utajibu upesi mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Hapo ndipo wengi wenu mnapoumia, na sikusemi kwa ubaya. Gari la zamani limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha chake.

Nami yamenikuta. Kadi ya pikapu yangu inasema 1994. Chasisi ni LN106, ile Hilux ya difu mbili ya kizazi kilichoanza 1988. Yote hayo ni kweli, hakuna aliyenidanganya. Gasketi ya silinda hedi ilipoungua nikanunua ya injini ya 3L, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye gari hilo. Fundi alikuwa ameshainua hedi na kuifuta bloku ikang'aa. Akaitandaza gasketi. Matundu ya bolti yakakaa, ya maji yakakaa, moyo wangu ukatulia. Kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wa silinda ya kwanza, akaniangalia. "Dada, hebu gusa hapa." Nikagusa. Ukingo wa gasketi ulikuwa unachungulia ndani ya silinda, mwembamba kama ukucha, na kwenye zote nne ilikuwa hivyo hivyo.

Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, ya 5L ni 99.5. Mtu fulani kabla yangu alishaweka injini ya 5L ya mtumba, akauza gari bila kusema neno. Kama fundi angefunga tu ili amalize kazi, ule ukingo ungekaa ndani ya moto mpaka uungue, na ningerudi pale pale kwa gharama ya mara mbili. Nilikuwa nina hasira, nina aibu, na mzigo wa mteja unanisubiri barabarani. Sitaki uyaonje hayo.

Kwa hiyo kadi iheshimu, lakini usiitwishe kazi isiyo yake. Hata ukikutana na mwaka sahihi bado hujamaliza. Viwanda hubadilisha vitu katikati ya mwaka, na katalogi za spea huhesabu kwa mwezi. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana lainingi, au klachi, au taa za mbele. Na ninyi mnaokadiria umri wa gari kwa namba ya usajili, nawaomba muache. Namba A au namba D inakuambia lini gari liliandikishwa hapa Tanzania. Kabla ya hapo linaweza kuwa limetembea Japani miaka kumi na zaidi.

Utasikia pia gerejini kwamba herufi ya kumi ya namba ya chasisi ndiyo mwaka. Ni kweli kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yenye namba ndefu ya herufi na tarakimu 17: R ni 1994, Y ni 2000, 1 ni 2001. Ukiwa na Ford ya huko, soma kwa raha zako. Ila gari lililotoka kwenye soko la Japani lina namba fupi, mfano LN106, kistari, kisha tarakimu za mfuatano. Humo ndani hakuna mwaka hata ukihesabu mpaka jioni.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nawe utainama kweli. Fungua boneti usome kibati: modeli, injini, namba ya fremu, rangi, gia boksi na difu. Halafu nenda kwenye chasisi yenyewe, ubavu wa kulia karibu na tairi la mbele, ambako namba imegongwa kwenye chuma. Itakuwa imezikwa na tope na grisi. Mimi hutumia kitambaa chenye dizeli na brashi ya waya, nasugua polepole, nikimaliza napaka chaki juu na kufuta. Chaki inabaki kwenye mikwaruzo na namba inajitokeza nyeupe, hadi unaona furaha. Linganisha na kibati na kadi. Zikipishana, simama hapo hapo. Hilo si suala la spea tena, ni suala la gari lenyewe ni la nani.

Muuza spea mwenye katalogi ukimpa namba hiyo nzima ataona mwezi gari lilipotengenezwa na injini lililozaliwa nayo. Nimesema lililozaliwa nayo. Injini iliyomo leo ina namba yake kwenye bloku, isafishe na uisome pia.

Na difu, jamani, difu! Ukinunua ya nyuma peke yake, hesabu meno. Crown ya meno 41 kwa pinioni ya 10 si sawa na 43 kwa 10. Kwenye lami utatamba, hutajua kitu. Siku utakayoingiza difu ya mbele, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana, na kinachovunjika katikati ni ghali kuliko difu uliyookoa pesa kwayo. Rahisi ghali, bibi zetu hawakukosea.

Mambo haya yaandike kwenye karatasi moja: namba ya chasisi, ya injini, alama zote za kibati, na kila kitu ulichobadilisha tangu ulinunue. Weka kwenye droo ya dashibodi, na picha kwenye simu. Dukani itoe kabla hujataja mwaka, na spea ya zamani uwe nayo mkononi, hata ikiwa imevunjika, mlinganishe pamoja. Muuzaji akikuharakisha, mwambie kwa upole unasubiri. Na siku ukiliuza gari, mpe mnunuzi karatasi hiyo pamoja na ufunguo. Mimi sikupewa.