Dondoo muhimu: Kabla hujagusa nyumba ya kale ya shamba

Ukuta wa matumbawe na chokaa hautaki saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi hukosa pa kutokea, na jiwe humomonyoka. Piga lipu ya chokaa, nyembamba, tabaka kwa tabaka. Mabomba ya bafu jipya yapite nje ya ukuta.

Boriti iliyooza kichwa tu usiitupe, ikate, uiunge. Ukihitaji mpya ya mkoko, kumbuka mikoko ya delta ya Rufiji ni msitu wa hifadhi: dai kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hata muuzaji wa Kibiti akiapa kwa kaburi la babu yake.

Jengo la kabla ya 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Anzia Idara ya Malikale, fundi baadaye.

Miembe mikongwe? Iache.