Hesabu ya Wati: Somo la Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta

Katika kufundisha umeme, wengi wetu huishia kwenye kanuni ya wati kuwa ni volti mara ampea, pamoja na mifano ya taa na pasi. Wanachuo hufaulu mtihani, lakini hushindwa kuitumia kanuni hiyo mbele ya kompyuta iliyofunguliwa. Makala haya yanapendekeza somo la dakika 80 la kuziba pengo hilo.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2023 kompyuta moja chuoni kwetu ilikuwa ikizimika kila ilipofunguliwa programu ya kuchora ramani za nyumba. Tulimlaumu mwanachuo aliyekuwa akiitumia. Baadaye ilidhihirika kuwa kompyuta ilikuwa imeongezewa kadi ya picha, hali pawa saplai, yaani kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vya ndani, ilibaki ile ile ya wati 300. Kosa lilikuwa letu sisi ambao hatukupiga hesabu.

Hatua ya kwanza: Kusahihisha dhana. Mwalimu aulize: "Je, pawa saplai ya wati 550 hula wati 550 saa zote?" Wengi watakubali. Hapo awakumbushe lori la tani 7: huo ni uwezo wake, si mzigo wa kila safari. Kompyuta huvuta umeme inaouhitaji tu.

Hatua ya pili: Kujumlisha. Mwalimu aandike ubaoni matumizi ya juu ya kila kifaa:

Prosesa (Intel Core i5-12400): wati 117
Kadi ya picha (GeForce RTX 3060): wati 170
Ubao mama na kumbukumbu, kwa kukadiria: wati 50
Diski mbili, kwa kukadiria: wati 20
Feni tatu, kwa kukadiria: wati 9
Jumla: wati 366

Yafaa kutahadharisha kuwa prosesa hii hutajwa kuwa ya wati 65. Hicho ni kiwango chake cha msingi tu. Kisha iongezwe akiba, kwani kadi ya picha huweza kupita kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai hudhoofika kwa joto na umri. Tukizidisha 366 kwa 1.4 twapata takriban 512. Basi tutachagua ya wati 550.

Hatua ya tatu: Kusoma kibandiko. Prosesa na kadi ya picha hulishwa hasa na njia ya volti 12. Wanachuo walinganishe vibandiko viwili vilivyoandikwa wati 550. Cha kwanza chaonyesha ampea 45 katika volti 12, yaani wati 540. Cha pili chaonyesha ampea 24, yaani wati 288. Prosesa na kadi pekee vyataka 287! Hapa wanachuo hujionea kwamba tarakimu kubwa ya juu haitoshi.

Tahadhari: Kisanduku chenyewe kisifunguliwe kamwe, kwani huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Zoezi: Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 inatoa wati 240. Je, inavuta wati ngapi ukutani? (Jibu: 300.)

Mwanachuo yule tulimwomba radhi mbele ya wenzake, na somo hili tulilifundisha kwa mara ya kwanza kwa kutumia kompyuta ile ile.