Namna ya Kuingia Baraza la Ardhi la Kijiji

Katika majimbo mengi ya Marekani, wananchi huwapigia kura mahakimu wao. Kwetu Tanzania mahakimu huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mwanakijiji hana kauli hapo. Kiti cha haki anachoweza kukitolea kauli ni cha Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, wa kusuluhisha wagomvi. Kama uko Ikungi, Mkalama, Iramba au Manyoni na unaona kiti hicho unakiweza, kitafute. Vijiji vyetu vinahitaji watu wanaokitaka kwa nia njema.

Jipime kwanza. Uwe raia, mkazi wa kijiji, umetimiza miaka 18, una akili timamu. Mbunge hawezi kuwa mjumbe, wala hakimu mwenye mamlaka katika eneo hilo. Masharti hayo wengi wanayo. Kinachowachuja watu ni kwamba Halmashauri ya Kijiji inatakiwa kuangalia uadilifu wako na ujuzi wako wa mila za ardhi za hapo. Kama una mgogoro wa mpaka na jirani, umalize kabla jina lako halijatajwa popote.

Kisha uijue ardhi ya kijiji chako kwa miguu, na hapa usifanye haraka. Tembea na wazee mashambani. Uliza mstari huu wa minyaa ulipandwa na nani, na shamba lile la alizeti lilikuwa la nani kabla halijagawanywa. Wasikilize wafugaji pia, maana njia ya mifugo kwenda kwenye maji ikilimwa, ugomvi hauko mbali. Ukishazijua mila, isome sheria. Inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Shemeji wakitaka kumwondoa mjane shambani kwa kusema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, mjumbe asiyejua kifungu hicho atawaitikia kwa kichwa, na mama atalala nje. Kwa ajili ya huyo mjane peke yake, ningependa kuona kina mama wengi zaidi wakijitokeza.

Jina lako linapendekezwa na Halmashauri ya Kijiji. Mwone mwenyekiti wa kitongoji chako na Mtendaji wa Kijiji, uulize muda wa baraza lililopo unaisha lini (mjumbe hukaa miaka mitatu na anaweza kurudi), kisha useme wazi kwamba uko tayari. Usimnunulie mtu pombe, usimpelekee mtu kuku. Aliyekula chako leo atakuja kwenye shauri lake akidai deni.

Mwenye neno la mwisho ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Huu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, lakini wakati wa masika watu wako mashambani na mahudhurio hupungua. Omba suala hili liletwe baada ya mavuno. Ukisimama, sema kwa ufupi wewe ni nani na utawasikilizaje watu. Usimwahidi mtu yeyote kwamba atashinda. Ukiulizwa swali la kuudhi, lijibu kwa upole, kwa kuwa wanataka kuona utavumilia vipi siku ndugu wawili watakapotukaniana mbele yako.

Ukithibitishwa, jizoeze mambo machache. Akidi ni wajumbe wanne, wawili wakiwa wanawake, basi usikose vikao. Shauri la ndugu yako, kaa pembeni. Nenda mpakani mwenyewe, majirani wa pande zote wakiwepo. Wagomvi wakikubaliana, makubaliano yaandikwe hapohapo na wote watie saini au dole gumba. Wasipokubaliana, usiwalazimishe: waelekeze Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu migogoro ya ardhi. Waambie pia kwamba zikipita siku 30 huko bila suluhu, wanaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti cha kata cha kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana.